Kikombe cha Bati: Uchambuzi wa Kisa cha Mganga wa Jukwaani

Jumamosi moja usiku, katika ukumbi mdogo wa orofa ya pili karibu na Barabara ya Ngong jijini Nairobi, mchekeshaji aliyekuwa akiigiza mganga wa ramli alimnyooshea kidole mama mmoja wa makamo aliyeketi safu ya tatu, akamwambia kwamba anakiona kikombe cha bati chenye ua jekundu, kimefunikwa kabatini, na kwamba mwenye kikombe hicho aliaga nyumbani akisema atarudi. Mama yule alisimama, akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ni kweli." Watu wapatao 80, waliokuwa wakicheka kwa karibu saa nzima, wakanyamaza. Mchekeshaji naye, badala ya kusema alichopangiwa kusema, akaongeza maneno manne ambayo hayakuwa katika mswada: "Namwona karibu na maji."

Mimi ndiye niliyeelekeza onyesho hilo. Tuliliandika pamoja kwa miezi miwili, kila mzaha ukipimwa na kupimwa tena, kwa hiyo ninapolichambua hapa sisimami kando kama mtazamaji. Ninaandika kwa ridhaa ya mchekeshaji, na kwa ridhaa ya mama mwenyewe iliyonifikia kupitia mpwa wake. Majina yao na jina la ukumbi nimeyaacha. Ninaamini kwamba hatukukosea kwa kuwacheka waganga. Tulikosea kwa kuutumia ufundi wao mpaka mwisho, mbele ya mtu mwenye jeraha, bila kuufungua.

Mganga wetu alitoka wapi

Anayeishi Nairobi hahitaji kuelezwa mhusika huyu alikochukuliwa. Kuanzia nguzo za stima hadi kuta za vituo vya matatu, jiji limebandikwa vikaratasi vya waganga wanaojitambulisha kuwa wametoka Tanga, Sumbawanga, Pemba au Kitui, wakiahidi kumrudisha mpenzi aliyetoroka, kushinda kesi, kupandisha cheo, kuongeza nguvu za kiume na kupata mali iliyoibwa, na chini kabisa nambari ya simu. Mchekeshaji alikuwa akivisoma kila asubuhi akisubiri gari, na mhusika akazaliwa humo: kaniki nyeusi, kilemba chekundu, wanja uliopitiliza, tunguri tatu kiunoni, na Kiswahili cha Tanga kilichotiwa madaha zaidi ya kile ambacho Mtanga yeyote angekikubali. Kwa kuwa mwenye ukumbi alikataza makaa, ndani ya chetezo tuliweka tochi ndogo iliyofunikwa kwa karatasi ya rangi ya chungwa, na harufu ikatoka kwa vijiti vya udi vilivyochomwa nyuma ya pazia.

Hadhira ya Afrika Mashariki huja kwenye onyesho la namna hii ikiwa na kumbukumbu nzito. Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa Tanzania aliyefariki Mei 2011, alijulikana huku kwetu kama alivyojulikana Dar es Salaam, na utabiri wake kuhusu uchaguzi wa Tanzania wa 2010 ulijadiliwa kama habari ya siasa. Mwishoni mwa mwaka 2014, wanahabari wa upelelezi wa televisheni hapa Kenya walionyesha jinsi maji yaliyotiwa potasiamu pamanganeti yalivyogeuka "damu" miguuni mwa waumini wa mhubiri mmoja, walioombwa kupanda mbegu, yaani kutoa sadaka, ya shilingi 310, na nambari hiyo 310 ikawa mzaha wa taifa kwa muda mrefu. Ukiitaja jukwaani, huna haja ya kueleza lolote.

Onyesho lilipangwa lianze na kushindwa. Mganga anaingia akikohoa, anaomba tembe za homa kwa watu wa safu ya mbele, na anapoulizwa kwa nini hajitibu anajibu kwamba mganga hajigangi. Tunguri moja inalia kama simu. Anaisikiliza, anakunja uso, kisha anatangaza kwamba mzimu amepiga lakini salio limeisha, anaomba Okoa Jahazi, ule mkopo wa salio la simu. Huu ulikuwa mzaha wa mganga asiyejua kazi, na mzaha wa namna hiyo hauna hatari yoyote. Huko Uingereza mchekeshaji Alex Lowe amemcheza kwa miaka mingi mtabiri wa bandia aitwaye Clinton Baptiste, aliyeonekana kwanza kwenye televisheni mwaka 2001, na ninavyomwelewa mhusika huyo, kicheko chake kinatokana na ukosefu wake wa staha na udhaifu wa karama anayojidai kuwa nayo. Anachekesha kwa sababu anakosea. Sisi tulitaka zaidi ya hapo. Tulitaka, baada ya nusu saa ya kukosea, mganga aanze kupatia, ili watu wacheke huku wakitazamana.

Ufundi wa kupatia

Hapa ndipo nilipotumia nguvu zangu nyingi, na nakiri kwamba nilifurahia kazi hiyo. Ufundi wa mpiga ramli asiye na mzimu una matawi mawili makubwa. La kwanza ni kusema jambo linaloonekana kuwa la mtu mmoja ilhali ni la wengi, kisha kuusoma uso wa anayelipokea. La pili ni kupata habari mapema kwa njia ya siri na kuzitoa kana kwamba zimeteremka.

Tawi la kwanza lina utamu wake hapa Nairobi. Mganga wetu alifumba macho akasema anaona jina linaloanza na herufi W. Herufi hiyo moja inawabeba akina Wanjiru, Wambui, Wangari na Waweru kwa Wakikuyu, akina Wafula, Wekesa, Wanjala na Wanyonyi kwa Wabukusu, na akina Wambua na Wayua kwa Wakamba; kabla hajafumbua macho, theluthi ya ukumbi ilikuwa imeshika kifua. Akasema wenye O na A watulie, zamu yao inakuja, na waliotoka Kisumu na Siaya wakaangua kicheko. Halafu akaona shamba, akaona hati, akaona mjomba aliyeikalia hati hiyo. Kijana mmoja nyuma alipiga kelele "Ni baba mdogo!" na mganga akamjibu papo hapo kwamba mzimu hakutofautisha kwa sababu wote wawili wamevaa koti moja. Watu hawakuwa na mbavu.

Saikolojia imelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akawaomba wayape alama kutoka 0 hadi 5 kulingana na yalivyowagusa. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa maelezo yale yale, ambayo sehemu kubwa aliyatoa katika kitabu cha unajimu. Nilimsimulia mchekeshaji habari hiyo siku ya kwanza ya mazoezi, akaiandika kwenye daftari lake na kuichorea mstari.

Tawi la pili tulilipata mfukoni mwetu wenyewe. Tiketi zililipiwa kwa M-Pesa, na ujumbe wa malipo unakuja na jina la aliyelipa. Mganga alimchagua bwana mmoja aliyekuwa amelipa na kuketi peke yake, akatikisa tunguri, akamtaja majina mawili kwa mpangilio sahihi. Bwana yule aliduwaa. Dakika kumi baadaye mganga alivua kilemba, akatoa simu iliyokuwa imefichwa ndani, akasoma kwa sauti ya mzimu: imethibitishwa, umepokea shilingi 1,000 kutoka kwa fulani. Hicho ndicho kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote usiku ule, na bwana mwenyewe alicheka hadi akainama. Tulikuwa tumeichukua mbinu ile ile iliyoumbuliwa Marekani mwaka 1986, pale mwanamazingaombwe James Randi alipoonyesha kwamba mhubiri Peter Popoff, aliyedai kufunuliwa majina na maradhi ya watu, alikuwa akisomewa habari hizo na mkewe kwa redio kwenye masafa ya 39.17 megahezi. Tofauti ni kwamba sisi tuliifungua wenyewe kabla bwana yule hajarudi nyumbani. (Jambo la pembeni, lakini lina uzito: tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, jina ambalo mtu amelitoa kwa ajili ya kulipia tiketi halipaswi kutumiwa kwa shughuli nyingine bila yeye kujua, na siku hizi tunaomba ruhusa mlangoni.)

Nimelieleza tukio la M-Pesa kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloonyesha kosa la kikombe. Mbinu hizi mbili zilikuwa ndani ya onyesho moja, usiku mmoja, kwa mkono wa mtu yule yule. Moja ilifunguliwa na nyingine ikaachwa imefungwa.

Kikombe

Mstari wa kikombe ulitoka nyumbani kwa bibi yake mchekeshaji. Katika mazoezi alikieleza hivi: kikombe cha bati, cheupe, kina ua jekundu na majani mawili, na pale ukingoni rangi imebanduka pakabaki doa jeusi la ukubwa wa kucha ya kidole kidogo. Kila aliyekuwa ndani ya chumba alikiona. Tulikuwa sita, na wanne kati yetu walisema kikombe hicho kipo kwao, doa likiwa pale pale ukingoni, kwa sababu bati la namna hiyo likigongwa hupasuka rangi pale lilipogongwa, na kikombe hugongwa ukingoni. Nusu ya nyumba ambazo nimewahi kunywa chai ndani yake nchini Kenya zimekuwa na kikombe hicho. Tukaongeza kwamba kimefunikwa kabatini na mwenyewe hayupo, kwa kuwa katika nyumba nyingi kuna mtu aliyeondoka, awe ameolewa, amehamia mjini, amekwenda Saudia, au amefariki.

Kwa hiyo tulijua kwamba mstari huo ungepiga mahali. Kinga yake ilikuwa swali moja. Mganga alitakiwa, baada ya kukieleza kikombe, auulize ukumbi mzima: "Nani mwenye kikombe hiki?" Mikono ingeinuka mingi, watu wangeitazama mikono ya wenzao, na mganga angekunja uso na kusema: "Mzimu anasema kikombe ni chake. Mrudishe wote." Ile mikono ndiyo iliyokuwa ufunguzi. Mtu akiona wenzake 30 wameinua mkono, haendi nyumbani akidhani ameteremshiwa ujumbe wa peke yake.

Usiku ule swali halikuulizwa. Mchekeshaji alimnyooshea kidole mama mmoja. Nilipomuuliza sababu, alinijibu maneno ambayo sijayasahau: "Nilimwona ananitazama kama mtu anayesubiri barua." Kicheko cha M-Pesa kilikuwa kimempandisha, ukumbi wote ulikuwa mkononi mwake, na jicho lake la mchekeshaji, ambalo limefunzwa kumtafuta mtu aliye tayari kupokea, lilimpata mtu aliye tayari kuliko wote. Mpiga ramli wa kweli wa mtaani hufanya vivyo hivyo. Tulikuwa tumelinoa jicho hilo kwa miezi miwili bila kulifundisha lini ligeuke upande mwingine.

Kisha ukaja ukimya, na ukimya jukwaani una uchu wake. Kwa mchekeshaji aliyezoea kuusikia ukumbi ukicheka, ukimya wa kuchoshwa ni adhabu, lakini ukimya wa watu 80 waliozuia pumzi ni kitu cha kulevya, na nimewaona waigizaji wazuri wakifanya mambo ya ajabu ili uendelee walau sekunde tano zaidi. Maneno ya maji yalitoka humo. Aliyatamka bila kufikiri, kwa sababu waganga wote husema maji. Ziwa, mto, bahari, bomba lililopasuka, kila mtu yuko karibu na maji ya aina fulani. Baada ya hapo alijikwaa, akarukia mzaha mwingine, taa zikabadilika, na sehemu ya mwisho ikapita kama kawaida. Makofi yalikuwa mengi. Wengi wa waliokuwapo wangekuambia lilikuwa onyesho zuri.

Ngazini

Tuliposhuka, mama alikuwa amesimama kwenye ngazi, mpwa wake kando. Ni mpwa aliyelipia tiketi mbili, kwa hiyo jina la mama halikuwa katika simu yetu, na baada ya kuona siri ya M-Pesa ikifichuliwa mama alikuwa amelifikiria hilo na kuliondoa. Mkononi alikuwa na noti ya shilingi 500 iliyokunjwa mara nne. Mchekeshaji alikuwa amefuta wanja wa jicho moja tu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Niambie tu kama yu hai."

Alimwambia kwamba yeye ni mwigizaji, kwamba hana ramli wala mzimu, kwamba yote aliyoyasema yameandikwa. Mama alimsikiliza kwa subira, kisha akasema: "Najua wewe ni mtu wa kuchekesha. Nimecheka sana. Lakini la kikombe ulilijuaje?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi, kwa sababu ndani yake mna jibu kwa wale wote wanaosema kwamba anayemwamini mganga wa mzaha ni mjinga. Mama hakudanganyika kuhusu mchekeshaji. Alijua vizuri kabisa kwamba yule ni kijana aliyevaa kaniki ya kukodi. Alichokiona kinawezekana ni kwamba ukweli umepita kinywani mwa mtu asiyeujua. Wazo hilo si geni kwetu. Katika uganga wa pepo wa Pwani, mtu ambaye pepo humpanda kichwani huitwa kiti, na kiti hahitaji kukusudia wala kuelewa kinachosemwa kwa mdomo wake. Makanisani pia watu husimulia jinsi neno lao lilivyowafikia kupitia mtoto au mpita njia. Ndiyo maana tangazo la mshereheshaji mwanzoni mwa onyesho, kwamba yote mtakayoyaona ni mzaha, halikumkinga mama kwa lolote. Tangazo lile lilieleza nia ya mchekeshaji, na mama hakuwa na shaka na nia yake.

Tulikaa ngazini. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameondoka miaka minne iliyopita kwenda kutafuta kazi bandarini Mombasa, akapiga simu kwa miezi mitatu, halafu simu ikawa haipatikani. Kikombe ni chake kweli, na mama amekifunika kwa kisahani ili kisiingie vumbi. Alipotaja Mombasa nikamwona mchekeshaji akifumba macho. Karibu na maji. Kwa mama, maneno yale yalikuwa na maana mbili tu: kwamba ndugu yake bado yuko Mombasa, au kwamba amezama.

Mchekeshaji alifanya jambo ambalo kwangu lilikuwa la heshima kuliko lolote alilofanya usiku huo. Alitoa daftari la mazoezi, akamfungulia mama ukurasa wa kikombe, wenye tarehe, mistari iliyofutwa, na majina ya sisi wanne tuliosema kwamba kikombe kipo kwetu. Nikamwambia mama kwamba changu kiko kwa mama yangu, na doa liko upande wa mkono wa kushika. Mpwa akasema hata kwa jirani yao kipo. Mama aliusoma ukurasa ule polepole, akifuata kwa kidole.

"Na maji?" aliuliza.

"Maji nilisema tu, mama. Hayamo hata humu."

"Ungenyamaza, mwanangu."

Hakulia. Aliirudisha ile noti ndani ya mkoba, na alipoufungua niliona karatasi iliyozeeka kwenye mikunjo, yenye nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, aliyopewa kituoni alipoandikisha kupotea kwa ndugu yake. Alikuwa amefanya kila ambacho mtu mwenye akili timamu angefanya, na alikuwa amekifanya mapema. Tulimweleza kwamba Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya kina huduma ya kuwatafuta jamaa waliopotezana, na mpwa akaahidi kulifuatilia.

Mabishano yetu

Kesho yake mchekeshaji aliniuliza kama tumevunja sheria. Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, ni ya mwaka 1925 na inamlenga anayejidai kuwa na uwezo wa kichawi kwa nia ya kutia hofu, kuudhi au kudhuru. Nayo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayepiga ramli kwa malipo. Igizo lililouzwa kama igizo ni jambo jingine. Hata hivyo nilimwambia kwamba noti ile ya 500, kama angeipokea, hata kwa mzaha, hata kwa nia ya kumrudishia baadaye, ingetuondoa jukwaani na kutuweka kwenye nguzo ya stima pamoja na wenye vikaratasi.

Mabishano makali yalikuwa juu ya kitu gani kiondolewe. Mimi nilitaka waliofariki, waliopotea, wagonjwa na wanaotafuta mtoto wasiguswe kabisa. Mchekeshaji alikataa. "Ukimkataza mganga kifo," alisema, "umemkata katikati." Alikumbusha utani wa misibani, unaojulikana sana Tanzania na kwa baadhi ya jamii za huku kwetu, ambapo mtani huja kwenye matanga akamuiga marehemu, akadai madeni yake, hata akalala mahali pa maiti, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Kama watu wetu wameweza kuucheka msiba wenyewe ukiwa bado ndani ya nyumba, kwa nini mchekeshaji aogope kikombe?

Hoja hiyo ni nzuri, na sikuweza kuijibu siku hiyo. Nilipoijibu baadaye nilimwambia hivi: mtani anajulikana. Wafiwa wanamjua yeye na ukoo wake, wanajua kwamba kesho wao watafanya vivyo hivyo kwake, na juu ya yote mtani hubaki. Anachimba kaburi, anapika, anabeba. Mzaha wake umelipiwa kwa kazi. Isitoshe, mtani huzungumza juu ya kifo ambacho kila mtu amekithibitisha. Hamwambii mfiwa habari mpya. Sisi tulimpa mama habari mpya, nasi tungepanda gari na kwenda nyumbani kama asingetusubiri ngazini. Mchekeshaji alikaa kimya, kisha akakubali kwa sehemu: waliopotea na wagonjwa wameondoka katika onyesho, kifo kimebaki, lakini ni kifo cha mganga mwenyewe, anayejitabiria tarehe na kukosea kila mara.

Badiliko lililo kubwa zaidi ni jingine. Sasa kila mganga anapopatia, taa za ukumbi zinawashwa, kilemba kinavuliwa, na mchekeshaji, kwa sauti yake ya kawaida, anaufundisha ukumbi mbinu aliyoitumia. Kisha anawapa dakika mbili wageukiane na kupigiana ramli. Nilihofia kwamba onyesho lingegeuka darasa, na kwa usiku wa kwanza kweli lilipooza hapo katikati. Usiku wa pili msichana mmoja alimwambia asiyemjua kwamba anaona deni la simu, na yule akamuuliza ni lipi kati ya matatu, na tangu hapo sehemu hiyo inajiendesha yenyewe. Tumepoteza ule ukimya wa watu kuzuia pumzi. Mchekeshaji anaukosa, na husema waziwazi kwamba anaukosa. Mimi nadhani hatukuwa na haki nao.

Kikombe hakijarudi jukwaani. Nilipendekeza kirudi pamoja na swali lake, mikono yote iinuke kama tulivyokusudia tangu mwanzo, kwa kuwa ulikuwa mzaha mzuri na haukuwa na kosa lolote ulipoandikwa. Mchekeshaji ndiye aliyekataa. Alisema kwamba akikitaja atautafuta uso ule safu ya tatu, na mikono yake haitajua la kufanya.

Wiki sita baadaye mpwa alinunua tiketi mbili, yake na ya binamu yake. Mama hakuja. Kule walikopeleka jina la ndugu yake hawajajibiwa bado. Kabla ya onyesho kuanza mpwa alinifuata mlangoni akaniambia kwamba mama ametuma swali, anataka kujua kama yule kijana bado anasema la maji. Nilimjibu kwamba hasemi tena. Akaandika ujumbe kwenye simu yake, akasubiri hadi ukajibiwa, ndipo akaingia ndani.